Vimulimuli wa mvua ya kwanza: jibu kwa mama wa Ujiji

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Ujiji, Kigoma. Wiki iliyopita, siku chache baada ya mvua kuanza, nilichelewa shambani bonde la Luiche nikiwa na mwanangu wa mwisho, ana miaka 7. Giza likatukuta njiani. Mara nikaona kimulimuli, akafuata wa pili, kidogo tu majani yote yakawa yanawaka na kuzimika. Nilisimama nikashindwa kutembea. Nilijiona nipo na binamu zangu, tunawafukuza chupa mkononi, bibi anatuita tukale. Bibi hayupo sasa. Mtoto akauliza, 'Mama, ule moto haumuunguzi?' Sikuwa na jibu. Naomba unisaidie. Moto ule ni nini? Vimulimuli hutokea wapi mvua ikinyesha? Mbona nyumbani siwaoni kama zamani? Na kwa nini kidudu kidogo vile kinitoe machozi? Halafu, nimruhusu mtoto awakamate kama tulivyofanya sisi?"

Marahaba, mama. Nianze na swali la mtoto, kwa sababu ameuliza jambo ambalo wanasayansi walilihangaikia miaka mingi.

Haumuunguzi. Kandili hutoa mwanga kwa kuchoma mafuta ya taa, na aliyewahi kugusa kioo chake anajua mafuta mengi yanaishia kuwa joto. Kimulimuli hachomi kitu. Upande wa chini wa tumbo lake, kuelekea mkiani, ana kemikali inayoitwa lusiferini, na pamoja nayo kimeng'enya, yaani kichocheo cha kazi za kemikali mwilini, kinachoitwa lusiferasi. Hivyo viwili vikikutana na oksijeni, pamoja na ATP, ile nishati inayoendesha kila seli ya mwili wake na wa kwetu, hutoka mwanga. Vitabu vya zamani viliandika kwamba karibu asilimia 90 ya kazi hiyo huwa mwanga mtupu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2008, kwa jamii moja ya kimulimuli wa Marekani, vilipata asilimia 41. Hata kwa hesabu hiyo ndogo, joto linalobaki ni dogo mno. Mwanao akimweka kiganjani hatasikia joto lolote.

Na akimweka kiganjani, mwambie amgeuze taratibu, tumbo lije juu. Pingili za mwisho za tumbo zina rangi nyeupe kama nta, hata mchana. Hapo ndipo taa ilipo. Kwa vimulimuli wa kundi la Luciola, wanaopatikana sehemu nyingi za Afrika, pingili mbili nyeupe maana yake ni dume, na pingili moja ni jike. Mtoto wa miaka 7 mwenye macho mazuri ataweza kuwatenganisha bila msaada wa mtu.

Atauliza pia jinsi anavyouzima. Wadudu hawana mapafu. Hewa huingia kwa matundu madogo ubavuni na kupita kwenye mirija myembamba mpaka ndani ya mwili. Kimulimuli akitaka kumulika, mshipa wa fahamu hupeleka ishara kwenye taa, na mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba gesi ya nitriki oksaidi ndiyo inayosaidia kuachia oksijeni ifike mahali lusiferini ilipo. Oksijeni ikiingia taa inawaka, ikikatika inazima. Anaimiliki taa yake kweli, tena anaiwasha kwa sababu maalumu, nitaifikia.

Sasa wanatoka wapi. Watu wengi husema vimulimuli "huja na mvua", na ukiwaona namna wanavyotokeza kwa usiku mmoja huwezi kuwalaumu. Lakini wale uliowaona Luiche hawakuja kutoka popote. Walikuwa pale pale Julai, walikuwa pale pale Septemba wakati vumbi limepanda mpaka kwenye majani ya michikichi. Uliwakanyaga mara nyingi ukienda na kurudi.

Kimulimuli ni mbawakawa, yaani ni wa ukoo mmoja na dumuzi anayetumalizia mahindi ghalani. (Dumuzi huyo, kwa wasiojua, aliingia Afrika kutoka Amerika, na Tabora kwetu ndiko alikotambuliwa kwanza, miaka ya 1980 ilipokuwa inaanza. Kwa hiyo mikoa hii ya magharibi ina historia ndefu na mbawakawa, wabaya na wazuri.) Kama mbawakawa wengine, kimulimuli huanza kuwa yai, akawa buu, akawa pupa, kisha mdudu kamili mwenye mabawa. Na kipindi kirefu cha maisha yake ni cha ubuu. Buu huishi miezi kadhaa, kwa jamii nyingine mwaka na zaidi, ndani ya udongo wenye unyevu na chini ya majani yaliyooza. Mdudu kamili, huyu anayetupendeza, anabakiwa na siku chache au wiki chache tu. Wengi katika hatua hiyo hawali kitu. Wanaishi kwa akiba waliyoweka wakiwa mabuu.

Ungemwona buu ungeshangaa. Ni bapa, mweusi au wa kahawia, ana magamba mgongoni yaliyopangana, kichwa chake kidogo anakiingiza ndani na kukitoa. Anawinda konokono. Niliwahi kumtazama mmoja kwa tochi yenye kioo chekundu, pembeni ya mfereji wa maji ya bafuni, huko Tabora. Alikuwa anafuata utelezi ulioachwa na konokono aliyemzidi ukubwa, akafika, akapanda juu ya gamba. Akamuuma, akasubiri. Akamuuma tena. Taya zake zina mfereji ndani, na kila akiuma anaingiza sumu inayomlegeza konokono pamoja na maji yanayoyeyusha nyama, kisha anaifyonza nyama hiyo ikiwa kama mchuzi. Wakati wote ule, chini ya mkia wake palikuwa na vinukta viwili vya mwanga hafifu. Maana mabuu nao hung'aa, mabuu wa jamii zote za vimulimuli, na wengine hung'aa tangu wakiwa kwenye yai.

Ukishajua anakula konokono, habari ya mvua inajieleza yenyewe. Kiangazi chetu ni kirefu. Kigoma hukauka tangu Juni mpaka Septemba, Tabora hukauka zaidi ya hapo. Konokono katika miezi hiyo hujifungia ndani ya gamba, akaziba mlango kwa utando mkavu, akalala. Udongo unakuwa mgumu, na ngozi laini ya pupa ikikaukiwa inakufa. Mvua ya kwanza ikinyesha, udongo unalainika, konokono wanaamka, majani yanachipua na kuwapa wadudu mahali pa kusimama usiku. Msimu unafunguka kwa wote mara moja. Wenzetu wa Ulaya na Marekani huwaona vimulimuli wao wakati wa joto la Juni na Julai, kwa sababu kwao baridi ndiyo inayofunga mambo. Kwetu ni ukavu unaofunga, na Oktoba au Novemba ndiyo inayofungua.

Mwanga wenyewe ni posa. Dume huruka juu ya majani akimulika kwa mpangilio wa jamii yake, jike amesimama kwenye jani anatazama. Akimwona dume wa jamii yake, naye humulika kumjibu, na dume hushuka. Kuna jamii nyingine, kama za Diaphanes, ambazo mwanga wake hauwaki na kuzimika bali hubaki umetulia, na huko majike mara nyingi hawana mabawa kabisa, wanatambaa chini. Kama siku moja utaona nukta ya kijani iliyotulia kwenye nyasi na inakataa kuruka hata ukiikaribia, huenda ni jike wa namna hiyo, au buu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu swali lako la tatu, la Ujiji, haliwezi kujibika bila hilo.

Nyumbani kwako, usiku ule ule wa mvua za kwanza, kumbikumbi walikujaa. Nina hakika na hilo. Walizunguka taa ya nje mpaka mabawa yakafunika kibaraza, na watoto wakaokota. Kumbikumbi huvutwa na taa. Ukiwasha balbu yenye nguvu unawaita kutoka mbali. Kimulimuli mambo yake ni kinyume. Dume anatafuta mmuliko mdogo wa jike mmoja kwenye jani, na balbu yako inaumeza ule mmuliko. Jike naye hamwoni dume. Hawafi kwa taa, ila hawapatani, na wasipopatana hawatagi. Mwaka unaofuata mabuu ni wachache, na mwaka hadi mwaka wanazidi kupungua. Ndiyo maana unaweza kuwa na uwanja uliojaa kumbikumbi na usiwe na kimulimuli hata mmoja, ukadhani wadudu wote bado wapo.

Wavuvi wa Kibirizi na Katonga, mialo ya Ziwa Tanganyika huko kwenu Kigoma, wanalijua jambo hili kwa upande wao. Dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola, na kazi hiyo inataka giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa za mitumbwi hazina nguvu juu ya maji, ndipo mitumbwi hupumzika. Vimulimuli nao mwezi ukiwa mpevu huonekana kwa shida. Lakini mbalamwezi hupita baada ya siku chache, wakati taa ya ulinzi iliyofungwa ukutani inawaka siku zote 365.

Taa si sababu pekee. Ujiji ya utoto wako ilikuwa na uwanja wa udongo, migomba nyuma ya nyumba, maji ya kuoshea vyombo yakimwagwa pale pale kila siku. Konokono waliishi hapo, na buu alikuwa na chakula kiangazi chote. Leo uwanja umesakafiwa, nyuma kuna ukuta, maji yanaingia kwenye shimo lenye mfuniko. Na bustani za mchicha zilizobaki zinapuliziwa dawa kwa bomba mara kwa mara. Dawa ya wadudu haichagui, na konokono aliyekula sumu akiliwa na buu, sumu inahama. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliowauliza wataalamu wa vimulimuli wa sehemu mbalimbali za dunia nini kinawamaliza. Kupotea kwa makazi kulikuja mbele, kisha mwanga wa taa na dawa za kuua wadudu. Nikiutazama mtaa wowote wa Ujiji, au wa Tabora mjini, naviona vyote vitatu kwenye kiwanja kimoja.

Lakini niwe mkweli kwako: sehemu ya wingi ule wa zamani ipo kwenye kumbukumbu pia. Mlikuwa watoto, mlikuwa nje usiku, umeme haukuwapo, na macho yenu yalikuwa yameshazoea giza. Macho ya mtu huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza vizuri. Siku hizi tunatoka ndani kwenye mwanga, tunasimama uwanjani dakika mbili tukiangalia simu, tunarudi tukisema hakuna kitu.

Hapo ndipo nafika kwenye machozi. Mimi ni mtu wa wadudu, wala si mganga wa moyo, lakini nimeulizwa swali hili na watu wazima wenye heshima zao, wanaume kwa wanawake, na nimelitafakari. Mwanasaikolojia Endel Tulving wa Kanada, pamoja na mwenzake Thomson, walieleza mwaka 1973 kwamba kumbukumbu hurudi kwa urahisi pale mambo yaliyokuwapo wakati inawekwa yanapokuwapo tena. Wewe ulirudishiwa karibu yote kwa mpigo. Giza, njia ya shambani, miguu yenye tope, mtoto pembeni yako. Na harufu ya udongo uliopata mvua, ambayo sehemu yake kubwa ni geosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Pua ya binadamu huinusa hata ikiwa chembe kidogo mno hewani. Harufu ina njia fupi kwenye ubongo kufika sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, fupi kuliko ya macho au masikio.

Na kuna jambo moja nadhani lina uzito kuliko hayo. Taa ya umeme umeiona kila usiku tangu hapo, kwa hiyo haiwezi kukukumbusha usiku wowote. Ziwa unaliona kila siku. Maembe unayala kila msimu, yamekusanya kumbukumbu za miaka yote zikachanganyikana. Kimulimuli ulimwona utotoni, kisha ukamkosa miaka mingi, na katika miaka hiyo hakuna kilichoandikwa juu yake. Alipotokea, alikuja na binamu zako na sauti ya bibi tu, bila kingine katikati. Uliyemlilia pale shambani ni bibi, mama, na hilo halina haja ya kutibiwa. Kwangu ni shangazi aliyekuwa akituruhusu kukaa nje ya nyumba Tabora, chini ya mwembe, mpaka wa mwisho azime. Naye ametangulia.

Basi, mtoto awakamate? Ndiyo. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wenzangu wanaokataza, na naona wanakosea. Mtoto asiyewahi kumshika kimulimuli hatakuwa na sababu ya kumtetea akiwa mkubwa. Mwaka 1947 William McElroy, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, aliwalipa watoto wa mji ule senti 25 kwa kila vimulimuli 100 walivyomletea. Kwa mikono ya watoto hao ndipo ilipojulikana kwamba ATP ndiyo inayohitajika ili mwanga utoke: ule mchanganyiko ulipozima kwenye chombo, akiongeza ATP uliwaka tena. Mpaka leo viwanda vya chakula na hospitali hutumia kemikali za kimulimuli kupima usafi wa meza na vyombo, kwa kuwa penye mabaki ya uhai pana ATP, na penye ATP zinang'aa. Mwaka 1986 watafiti waliingiza jeni la kimulimuli kwenye mche wa tumbaku, mche ukatoa mwanga. Sisi wa Tabora tumelima tumbaku miaka mingi na habari hiyo hatukuambiwa shuleni.

Ila akamate kwa adabu. Amkinge kwa viganja viwili, asimbane kwa vidole. Akitumia chupa, atie majani mabichi yenye unyevu, aache mdomo wazi au afunge kitambaa chepesi, na asiiweke karibu na moto. Awaachie usiku ule ule, pale pale alipowatoa, kabla hamjaondoka. Mdudu mwenye siku chache za kuishi akilala ndani ya chupa amepoteza usiku wa kupata mwenzi. Ule mchezo wetu wa kumpasua na kujipaka mwanga usoni, usimfundishe. Na akimaliza anawe mikono, asimpe kuku wala asimtie mdomoni, kwa sababu baadhi ya jamii za vimulimuli zina sumu mwilini ya kujikinga na wanaowinda, na ladha yake ni chungu. Haumi, hana mwiba, hivyo woga mwingine hauna msingi.

Kwa nyumbani, kuna mambo mawili yako ndani ya uwezo wako. Taa ya nje iwe na swichi yake na kofia inayoelekeza mwanga chini, na izimwe angalau saa mbili za mwanzo wa usiku katika wiki za mvua za kwanza. Na pembe moja ya kiwanja, hata hatua nne kwa nne, iachwe na migomba na majani yaliyoanguka, isipuliziwe dawa, imwagiwe maji ya jikoni kiangazi. Konokono watafika. Vimulimuli wakifika, watatoka kwa jirani mwenye pembe kama yako, kwa hiyo zungumza na jirani pia.

Mkirudi Luiche, chagueni usiku wa giza, mchana wake mvua imenyesha na upepo umetulia. Kigoma jua huzama karibu saa moja jioni, kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, basi muwe mmeshafika saa moja na robo, tochi zimezimwa, macho yazoee. Vaeni viatu vya kufunika mguu kwa ajili ya nyoka, na msisogee ukingoni mwa maji. Mpe mwanao kazi: amchague dume mmoja anayeruka, ahesabu sekunde kati ya mmuliko na mmuliko. Huko Japani, kimulimuli wa jamii moja, genji, humulika kila baada ya sekunde 2 hivi upande wa magharibi wa nchi na sekunde 4 upande wa mashariki, na watu waliligundua hilo kwa kuhesabu namna hiyo hiyo. Usiku wa joto wanamulika haraka kuliko usiku wa baridi, kwa hiyo aandike pia kama kulikuwa na joto. Nitumie hesabu yake, na mimi nitahesabu hawa wa mbuga za mpunga za Tabora, tulinganishe.